Zahran Harudi

Inas, uko? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya mno.

Mchana huu wa Idi tulikuwa tunakula kahk, vile vibiskuti vya Idi, na Mama, tukitazama marudio ya sehemu ya mwisho ya ile tamthilia ya Ramadhani. Zahran, shujaa wake, akafia kwenye mji wa majini na mapepo. Mama akasonya: "Wameiharibu, kama ile sinema ya zamani. Zahran anarudi kwa mkewe!"

Nikacheka. NIKACHEKA, Inas! "Mama, hata kwenye kitabu walikoitoa anakufa."

"Nyamaza wee! Baba yako alinisomea chote."

Mimi na ubishi wangu, nikakifuata kitabu kabatini. Unajua Mama hajui kusoma. Nikamsomea ukurasa wa mwisho kwa mbwembwe. Zahran anazikwa huko huko, mkewe bado anamngoja mlangoni.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena, mjinga mimi, nikidhani nimeshinda.

Akaiweka kahk yake chini. "Mwisho wa Zahran kurudi, baba yako alinisomea hospitali, siku mbili kabla hajafariki. Siku ile ile aliyoniambia daktari kamwahidi atatoka kabla ya Idi."

Nikakishusha kitabu.

"Kumbe alijua," akasema. "Alijua harudi."

Hakulia, Inas. Bora angelia.

Sasa kakipakata kitabu, anaupapasa ule ukurasa kwa kidole. Ananiambia, "Nionyeshe, mwanangu. Aliacha kusoma akaanza kunitungia kwenye mstari upi?"

Nimwonyeshe upi?