Injini ya Baba Haijaharibika

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na wale wawili wanaonidai zawadi kila nikipiga simu. Mimi sijambo, ukiacha kidole gumba kilichobanwa na kifuniko cha injini, na usicheke, maana hata wewe uliwahi kubanwa palepale ukalia kuliko mimi. Baba anakula vizuri na analala vizuri. Mwili wake hauna neno. Hilo la mwili nimeliandika makusudi, utaliona mbele.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Nyumba yetu unaijua, mtu akipiga chafya jikoni, aliye chumbani anamwambia pole. Nikikupigia tu, baba anavuta kiti karibu apate salamu zake, kisha ananipokonya simu yenyewe. Kuna maneno siwezi kuyasema huku ananitazama. Kwa hiyo nimemkabidhi Kinyozi barua hii akupe mkononi, kwa kuwa anakuja huko kutafuta kiti cha kibanda chake. Mkaribishe vizuri. Akianza kukusimulia habari za boti mwache amalize, ingawa ataongeza chumvi, kwa sababu alikuwemo.

Siku hiyo maji yalianza yakiwa shwari. Baba alivusha watu kama kawaida, mchana akarudi kutoka ng'ambo na abiria mmoja tu, huyo Kinyozi, aliyekuwa amekwenda kumnyoa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Katikati ya safari upepo ukageuka na mawimbi yakainuka. Mimi nilikuwa karakana, pale kando ya gati, nimefungua injini ya boti ya jirani na vipande vyake vimejaa meza nzima. Simu ikalia. Kinyozi aliniambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kibandani kwake kwamba injini imezima na baba anavuta kamba ya kuiwasha lakini haiitiki.

Nilitoka mbio. Niliwaona, kaka. Boti ilikuwa imelala ubavu kwa mawimbi, inapotea nyuma ya wimbi, inaibuka tena, na kila ikiibuka iko karibu zaidi na ule ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi. Boti pekee ambayo ingeweza kuwafuata ndiyo hiyo ambayo injini yake nilikuwa nimeitawanya mezani. Mlinzi wa gati alijaribu kutoka na mtumbwi wa makasia, mawimbi yakamrudisha ngazini kabla hajafika popote. Nikabaki na simu sikioni na spana mkononi, na spana ile haikuwa na kazi yoyote.

Niliwaambia kwanza watupe nanga. Wakaitupa, ikawa inashika na kuachia, lakini angalau ilipunguza mwendo. Kisha nikamwomba Kinyozi aweke simu kwenye sikio la baba, maana mikono ya baba ilikuwa kwenye injini. Nilianza na lile ninalolijua: boti ikirushwa sana, uchafu ulio chini ya tangi huamka na kuziba chujio. Baba akafungua chujio, akasema ni safi. Nikauliza plagi. Akazitoa, akasema ni kavu, mafuta hayafiki. Alijibu kila swali bila kubabaika, na kila jibu alilimalizia kwa neno fundi. Ndiyo fundi. Hapana fundi. Nikadhani ni utani wake ule wa kunipaka mafuta nikiwa na hasira.

Nikamwambia Kinyozi aminye ile pampu ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta. Akasema imenywea kama puto la jana na haitaki kujaa. Hapo nikajua. Unakumbuka skrubu ya hewa ya kifuniko cha tangi ilipotea tukiwa bado wadogo, na baba hakununua kifuniko kingine. Siku ya mawimbi huziba lile tundu kwa kipande cha kandambili maji yasiingie, na kila baada ya muda hukichomoa tangi lipumue. Hakuna mwenye boti mwingine anayefanya hivyo. Mimi na wewe tulifanya hivyo tangu tulipojua kushika spana, na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba tangi lisilopumua halitoi mafuta.

Nikamuuliza baba kama ameziba tundu. Akasema hajaziba. Nikamsihi aangalie tu. Akakasirika, akasema yeye hazibi tundu la tangi, ni mtu gani mwenye akili zake anaziba tundu la tangi. Akaanza tena kuvuta kamba. Nilikuwa naisikia ile kamba kwenye simu, inavutwa na kurudi, inavutwa na kurudi, na ukuta niliuona kwa macho yangu. Sijawahi kujiona bure namna ile. Jibu ninalo, na aliyenifundisha jibu hilo ndiye anayelikataa.

Ilibidi nimgeukie Kinyozi. Nilimwambia amwache mzee aendelee na kamba, yeye atambae mpaka kwenye tangi apapase kifuniko. Mfa maji haachi kutapatapa, alitambaa. Akakuta kipande cha mpira kimefyonzwa ndani ya tundu hata vidole havikishiki. Akakichokonoa kwa mkasi wake wa kunyolea. Anasema tangi lilivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini, na hilo si chumvi, mimi mwenyewe nililisikia kwenye simu. Akaminya pampu mpaka ikawa ngumu, baba akavuta kamba, injini ikaitika. Waliupita ukuta kwa nafasi ya kupitisha kasia.

Gatini watu walimpongeza baba, naye akapokea pongezi kama nahodha. Kinyozi alikaa chini kwenye saruji, akasema kuanzia leo anayetaka kunyolewa ng'ambo na aogelee aje. Tukacheka wote. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Jioni nilimpelekea baba chai. Alikuwa ametulia, anajifuta vidole kwa kitambaa. Akaniuliza yule fundi aliyekuwa kwenye simu ni nani. Nikangoja aangue kicheko. Hakucheka. Akasema, "Mtafute umshukuru kwa niaba yangu. Kijana anaijua kazi. Aliyemfundisha, alimfundisha vizuri."

Hili nilishindwa kukuambia kwa simu, kaka. Kila ukisema nimwache baba afanye kazi, kwamba kazi ndiyo inayomshikilia, nimekuwa nikikujibu ndiyo kwa sababu nilitaka iwe kweli. Baada ya siku ile nilikaa naye nikamweleza taratibu kwamba amesahau, kwamba apumzike, kwamba nitatafuta nahodha mwingine. Alinisikiliza, akakubali, hata akanishika mkono. Kesho yake upepo ulipotulia nikamkuta amevaa koti lake mlangoni, anauliza abiria wa kwanza wamefika. Nikamweleza tena. Akakubali tena.

Sasa nakuambia nililolifanya, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Mchana, baba akiwa amelala, nilishuka kwenye boti. Nikafungua injini yake, nikaitoa koili nzima, ile inayozipa plagi cheche, nikaweka koili mbovu niliyoiokota kwenye kisanduku cha vyuma chakavu. Kwa nje zinafanana kama pacha. Injini ile haitawashwa na yeyote, na haina ubaya mwingine wowote. Koili nzuri naibeba kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na safari hii anayekula ni mimi.

Nilidhani atajaribu, atachoka, atakaa. Sikumjua baba yetu. Kila asubuhi anashuka na kisanduku chake na kuanza upya kwenye tangi, kwa sababu ya jana hayakumbuki. Tangi, bomba, chujio, pampu, plagi. Ananiita nimshikie tochi, nami naishika. Ananieleza kila kifaa kazi yake kama alivyotueleza tukiwa watoto, kwa maneno yaleyale, na hakosei hata moja. Abiria wamezoea kuvuka na boti ya jirani, wakipita wanamsalimu, naye anawaambia wasiende mbali, ni suala la dakika chache tu.

Jana alifika mwisho. Alitoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma, akaniambia nivute kamba, akatazama. Hakuna cheche. Akafuata waya kwa kidole mpaka kwenye koili, akaweka kiganja chake juu yake kama anayempima mtoto homa. Akasema hii imekufa, nimletee nyingine. Nilikuwa nimesimama mbele yake nayo mfukoni. Nikamwambia hakuna, baba. Akageuka, akanitazama vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniita kwa jina langu la utotoni. Akanifuta shavu kwa kile kitambaa chake cha grisi. Akasema, "Usilie, mwanangu. Ni koili tu."

Njoo, kaka. Usipige simu, usiniandikie cha kufanya. Njoo ukae naye botini asubuhi moja umshikie tochi, halafu uniambie niirudishe au niitupe majini. Mimi peke yangu siwezi, na leo ameshaanza tena kwenye tangi, ananiita.

Msalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Baba anakusalimu sana. Ananiuliza umesoma mpaka darasa la ngapi, nami namwambia unaendelea vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Spana