Gari Lililopanda Peke Yake

Pumwani, Nairobi
Mei, 1955

Kwa kaka yangu mpenzi Amin,

Natanguliza salamu kwako, kwa mama, kwa shemeji na kwa watoto wote, wadogo kwa wakubwa. Nataraji mu wazima na kifua cha mama kimetulia baada ya mvua. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini moyo unatokota kama chungu cha kunde. Ukiona mwandiko umeikwaruza karatasi, usilaumu kalamu. Barua hii sikuitia posta. Anakuletea Waridi, mke wa jirani yangu, anayeteremka Mombasa kwa gari moshi, maana siku hizi za Hali ya Hatari barua husomwa na watu wasioandikiwa.

Yako niliipata. Umeniambia tela la chokaa liko tayari, fundi amelichomelea upya, na mama amekwisha kuwatangazia majirani kwamba jipu la Munir laja. Tena ukaniuliza, kwa kuwa hapo barazani mnabishana kila jioni, gari gani hasa linafaa kuvuta mzigo mahali pasipo barabara: Landrova, jipu la vita, au hilo jipya mliloliona kwenye picha ya gazeti. Basi nitakujibu kama dereva, kwa sababu yote matatu nimeyaendesha na tela nyuma.

Landrova ni nyepesi, na bodi yake haishiki kutu, jambo kubwa kwetu sisi watu wa chumvi. Matopeni haizami upesi. Ila usiibebeshe mawe ya matumbawe ukadhani ni lori. Jipu la vita injini yake ni ngumu na kila fundi analijua, lakini bodi italiwa na hewa ya bahari usipoipaka rangi kila mara. Hilo jipya, sisi madereva tumelibandika jina Nyati. Injini kubwa, mnyororo mnene mbele, magurudumu yote manne yanasukuma. Juu ya ardhi kavu linavuta, sikatai. Tatizo lake ni uzito. Likikanyaga tope jekundu la huku Dagoretti linajichimbia kaburi, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo linavyoshuka.

Sasa wewe utasema, Munir, mbona picha inalionyesha limesimama juu ya kilima cha Mutuini na tela lake la magogo, kilima ambacho jipu lilishindwa? Hapo ndipo penye uchungu wangu, kaka.

Unamjua Bwana Pringle kwa barua zangu. Ndiye mwenye duka la magari ninalofanyia kazi, na ndiye aliyeniahidi kwamba akiuza Nyati za kutosha, lile jipu kuukuu litakuwa langu. Aliwaalika wenye mashamba na mpiga picha waje waone majaribio. Ogutu, dereva mwenzangu, alipewa jipu. Mimi nikapewa Nyati. Wageni walipandishwa kilimani kwa njia ya juu, wakawekewa viti na chai, wakangoja. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Ogutu alifika nusu ya mlima akateleza, akarudi kinyumenyume kwa salama. Mimi nikafika palepale, kwenye kona ambayo wageni hawaioni, na Nyati likalala kwa tumbo. Nikajaribu gia zote. Halitoki.

Bwana Pringle akashuka kwa miguu, uso umemwiva. Pale kando palikuwa na akina mama wa Mutuini wakiokota kuni. Kaka, wale watu siku hizi wamekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na kutoka kwenda kuni ni kwa ruhusa na kwa saa. Akawaita. Tukaufungua mnyororo, lakini ulikuwa mfupi, hauna pa kushikwa na watu wengi, tukautupa kando. Basi wale mama wakavua mikanda yao ya ngozi, ile wanayoitia kwenye paji la uso kubebea mizigo, wakaiunganisha mmoja kwa mmoja, wakaifunga kwenye bampa. Wakavuta. Wallahi, walivuta huku wameinama mpaka nywele zinagusa tope, na mimi nimekaa kitini nimeshika usukani kama bwana harusi. Gari likatoka. Likapanda.

Karibu na juu, bado wageni hawajatuona, mkanda mmoja ukakatika. Mama mmoja kijana, jina lake Nyakio, akaanguka, na gurudumu la tela likampita juu ya mguu. Nikasimamisha gari. Bwana Pringle akanikataza kushuka, akasema wageni wanangoja, nimalizie, Ogutu atamshughulikia. Pale palipobaki palikuwa na changarawe, nikamalizia. Picha ikapigwa. Kisha nikaamrishwa niwapeleke wageni nyumbani kwake Westlands wakale, na Ogutu naye akapewa kazi ya kurudisha viti mjini kwanza. Aliporudi Mutuini, Nyakio hayupo.

Nilikuja kujua siku chache baadaye, nilipotumwa kuufuata mnyororo tuliousahau. Wenzake walilazimika kurudi kijijini kabla ya saa yao kwisha, wasije wakafungwa wote, wakamwacha chini ya miti ya miwati wakidhani gari laja kumchukua. Giza likamkuta hapo. Walinzi wakamkamata, wakasema anawapelekea watu wa msituni chakula. Akajieleza kwamba alikuwa akivuta gari la mzungu. Wakampigia simu Bwana Pringle kuuliza, naye akajibu kwamba gari lake lilipanda lenyewe, hakuna mwanamke aliyelishika. Nyakio akawekwa ndani na mguu wake umevimba, na kitoto chake kinachonyonya kiko kijijini kinalia kwa bibi yake. Mama mmoja mzee aliyeniambia hayo alinisogelea mpaka dirishani.

“Wewe dereva ulituona,” akasema. “Kama gari lilipanda lenyewe, mguu wa Nyakio ulivunjwa na nini?”

Nilirudi dukani nikamwomba Bwana Pringle, kwa adabu zote alizotufunza baba, apige simu aseme kweli. Unajua alivyonijibu kwa Kiswahili chake hicho?

“Gari napanda peke yake. Hapana bibi pale. Wewe nasikia?”

Kisha akatabasamu, akanikumbusha jipu. Kaka, kuna tusi kubwa kuliko hilo? Mtu ameinamiwa na wanawake wa watu, wamemtoa aibu yake matopeni, halafu anawafuta kama vumbi la kioo! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu amemnyonga na haki kaitia mfukoni. Ogutu aliniambia ana watoto na kipande chake, kile cheti cha kazi, kiko mkononi mwa Bwana, hawezi kusema. Simlaumu. Lakini nilipita mbele ya dirisha la duka, nikaiona ile picha imetundikwa, watu wanaisifu, nikavuka barabara nisiitazame.

Sasa nikuambie lile ambalo nimelizungusha tangu mwanzo wa barua, kwa kukustahi. Wewe ni mkubwa wangu, na jambo la nyumba yetu nilipaswa kukushauri kwanza. Sikukushauri. Nilikwenda mwenyewe kwa ofisa wa kizungu wa kituo alikofungiwa Nyakio, nikasema yote. Akampigia simu Bwana Pringle, naye akadai nimelewa. Mimi, Munir, ambaye hata tembo la mnazi silijui ladha yake! Yule ofisa alikuwa kijana mkaidi, akanitia katika Landrova yake tukaenda kilimani. Ule mkanda uliokatika ulikuwa bado umelala matopeni, na nyayo za wale mama zimejaa njia nzima mpaka karibu na juu. Tuliporudi akaamuru Nyakio atolewe.

Kwa hiyo jipu halipo, kaka. Na kazi haipo. Bwana Pringle amenifukuza, na wenye magari wengine mjini wamekwisha kuambiwa mimi ni mtu gani. Waambie majirani utakavyoona vyema, na mama mwambie mwenyewe, taratibu. Hilo tela mlitafutie punda kwa sasa. Nitateremka mwezi huu nije tuchimbe chokaa pamoja.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikifika, nitakaa kimya kama inavyonipasa. Ila nilidhani nikishamtoa yule mama nitapata usingizi, na sikupata. Walimtoa wamemshika makwapani, mguu umefungwa gunia. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyesema, na kwamba Landrova ya ofisa inangoja kumpeleka hospitali. Hakunishukuru. Alinitazama usoni, maziwa yamelowesha nguo yake, akaniuliza, “Siku zote hizi ulikuwa wapi?”

Nikamfungulia mlango wa gari.

Nisalimie mama, umshikie mkono kwa niaba yangu. Shemeji na watoto nawabusu. Mungu atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mdogo wako,
Munir