Kidude Yenye Kuita Ng'ombe Moja Moja

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa tatu 1987

Mimi, Marcellin, fundi wa radio wa Nyakasanza, niliyesoma darasa ine kwa mapadri, nimegundua kitu ambayo maingénieur wa Ulaya na ordinateri zao, mashine za kuhesabu, walishindwa. Leo imefika karatasi ya kuomba brevet. Maana yake serikali ya kule inaandika kwamba wazo hii iko na mwenyewe, na mutu asiitumie bila kumuuliza. Jina yangu imepigwa na mashine, herufi kubwa, bila kosa. Bunia nzima itajua!

Nimesoma tena hayo ya juu. Uongo. Sikugundua kitu. Na darasa ine pia ni uongo, walinifukuza katika la tatu juu ya mbuzi ya padri.

Karatasi ni ya kweli lakini. Iko juu ya meza, chini ya bilauri, upepo isiichukue. Bilauri ni ya Angélique, bibi yangu wa ndoa. Wiki saba sasa tangu tumuzike, na ile bilauri sijaisogeza. Leo nimeisogeza juu ya karatasi.

Sikusikia kitu ndani ya roho.

Jumanne, tarehe 10

Niandike kwa mupango, kichwa yangu imekuwa radio bila mawe ya betri.

Gérard alifika hapa mwaka wa 84. Ingénieur, murefu, shingo nyekundu. Alileta vidude, kila moja ukubwa wa kiberiti. Unaifunga kwa shingo ya ng'ombe. Haina mawe ndani, haina waya nje. Kule Bogoro, pale ng'ombe zinaogeshwa dawa ya kupe, alisimamisha antena mulangoni kama kitanda imesimama. Ng'ombe ikipita, antena inatuma mawimbi, kidude inakula ile mawimbi, inapata nguvu, inajibu namba yake. Ordinateri inaandika: namba fulani ameoga. Ni vile tu. Mimi nilikuwa fundi wake wa antena, tena mukalimani wake. Kazi ya antena niliifanya vizuri.

Wachungaji hawakupenda. Mbusa, mukubwa wao, aliniambia: "Muzee Marcellin, huyu muzungu wako iko anahesabu ng'ombe ya watu mbele ya watu. Weye ungependa nihesabu watoto wako barabarani?" Kule haifanyiki. Mwenye ng'ombe mwenyewe hasemi iko na ngapi. Ukimuuliza anakujibu "kidogo tu", hata kama zinajaza bonde.

Basi asubuhi moja walifungua vidude yote makumi ine, wakazifunga kwa shingo ya ng'ombe moja tu, Bihogo, muzee, tasa, asiyeogopa kitu. Akapita mulangoni pole pole, amevaa kama bibi harusi. Ordinateri ikajaa vinyota, hakuna namba hata moja. Zingine zikapita nyuma yake, shingo tupu, na Mbusa anatazama mbingu kama mutu wa kusali.

Gérard alifungua mashine, akaifunga, akaifungua, siku mbili. Nilijua tangu ile asubuhi. Nilimushikilia torche.

Siku ya tatu nikamuambia. Hakukasirika. Alitazama Bihogo muda murefu, kisha akakaa juu ya ndoo. Akasema: hata bila ujanja wenu, ng'ombe mbili zikisongamana mulangoni itakuwa vile vile. Antena inauliza nani iko hapa, vidude zote zinajibu mara moja, sauti zinapigana. Huo njo ugonjwa wenyewe, na hakuna mutu anajua dawa yake, hata kule kwao.

Nikamuambia twende tukule kwanza.

Jumatano, tarehe 11

Wivine alikuja na sombe, majani ya mihogo. Binti yangu huyu anapika kama mutu anayelipiza kisasi. Akasema watu wa mutaa wa Lumumba wanaongea: Papa Marcellin hakulia hata siku ya kilio.

Nikamuambia: "Nilingojea hii sombe yako."

Hakucheka. Akafagia nyumba yote, akaenda. Alitaka kuosha bilauri, nikasema wacha.

Alhamisi, tarehe 12

Sasa ile chakula.

Tulikuwa watatu: mimi, Gérard, Angélique. Yeye hakukaa nasi mezani, alikuwa anaenda na kurudi na sahani. Gérard hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na pole. Angélique hakujua Kifaransa zaidi ya merci. Kati yao, mimi.

Angélique aliuliza: "Mugeni iko na huzuni gani?" Nikamueleza mambo ya vidude. Nilieleza kwa kucheka. Yeye hakucheka, akabaki amesimama na bakuli ya maharagi.

Akasema, na ninaandika kama alivyosema: "Kwa nini anaita zote mara moja? Kwa baba yangu Bogoro, saa ya kukamua, ndama zote zimefungwa ndani ya nyumba yao. Mutu anasimama mulangoni anaita jina ya mama moja. Ndama yake peke yake inatoka. Zingine zinanyamaza, zinajua haziitwi. Ikimaliza kunyonya, unaita nyingine. Hakuna kusukumana. Amuambie mashine yake iite moja moja, na asiyeitwa anyamaze."

Kisha akaweka maharagi.

Nilitafsiri. Nilitafsiri vizuri, hata ndama niliiweka. Lakini nilianza na: mimi nafikiri hivi.

Gérard aliacha kijiko. Akatoa kalamu, akaandika juu ya paketi ya sigara, akaipindua, akaandika upande mwingine. Alisimama, akanishika mikono miwili.

Angélique akauliza: "Amesema nini?"

Nikamujibu: "Anasema maharagi ni tamu."

Alifurahi sana. Akamuongezea.

Jumamosi, tarehe 14

Hakuna kitu. Mvua. Nilitengeneza radio ya mwalimu, ikaimba, nikaizima.

Jumapili, tarehe 15

Nilipanda lori mpaka Bogoro. Nilisema kwa Wivine naenda kuona shamba. Nilienda kusikia vile wanaita ndama.

Mbusa amezeeka, lakini mudomo ni ile ile. Akanisalimia: "Kumbe uko muzima. Umekuja kuhesabu?"

"Nimekuja kuona kama umejifunza kukamua."

Iko na kidude moja bado, ameifunga kwa shingo ya mbuzi yenye kuongoza zingine, ile yenye kuharibu mihogo ya watu. Anasema tangu ile siku mbuzi inajiona mukubwa wa zone nzima.

Jioni alisimama mulangoni mwa nyumba ya ndama. Akaita jina moja. Ndani kulikuwa na vichwa kumi na zaidi, yote inatazama. Moja ikatoka, ikaenda kwa mama yake mbio, mukia juu. Zingine zikabaki. Akaita tena jina lingine. Moja ikatoka.

Nilisimama pale mpaka mwisho, nikingoja nisikie kitu ndani yangu. Nikasikia njaa.

Mbusa alinipa maziwa. Akauliza, bila kunitazama: "Angélique alikuwa anaita vizuri kuliko siye wote. Akiwa mutoto, hata ndama ya jirani ilitoka. Muzungu wako alijua hiyo?"

Nikasema hapana.

"Hukumuambia?"

Nikasema maziwa ni tamu.

Jumatatu, tarehe 16

Nimesoma tena barua ya Gérard, ile ilikuja pamoja na karatasi. Ni mutu mwema, hiyo njo shida. Angekuwa mwizi ningelala vizuri. Anasema kampuni yake inaomba brevet juu ya njia mupya: antena inaita namba moja, kidude ile inajibu, zingine zinanyamaza mpaka ziitwe. Anasema mabwana wa sheria waliuliza wazo ilitoka wapi, na yeye alisema ukweli: ilitoka kwa muzee Marcellin wa Bunia, mezani kwake. Mustari wa kwanza ni jina yake yeye. Mustari wa pili ni jina yangu. Niweke sinyatire, sahihi yangu, na kurudisha mbele ya mwisho wa mwezi. Nikikawia, watafunga dosye, ile faili yao, na mustari wa kwanza peke yake.

Chini kabisa ameandika: salamu kwa madame, na maharagi yake.

Hajui.

Nimetafuta ndani ya sanduku mahali jina ya Angélique imeandikwa. Karatasi ya ubatizo, panya walikula. Karatasi ya kitambulisho ilibaki hospitali, hawaioni. Musalaba wa kaburi ni mbao, na Wivine anasema muchwa wameanza kwa herufi ya kwanza. Yeye mwenyewe hakujua kuandika. Miaka makumi tatu na moja aliweka kidole pale nilipomuonyesha, na hakuuliza karatasi inasema nini.

Nimeandika barua kwa Gérard, ndani ya kaye hii, daftari yangu, kwa kalamu ya risasi kwanza. Inasema: Sio mimi. Ni bibi yangu, Angélique Kabonesa, alisema akiwa amesimama na bakuli. Mimi nilitafsiri tu, na nilitafsiri vibaya kwa pande mbili. Amekufa mwezi wa kwanza, homa ya siku ine. Uweke jina yake.

Mistari saba. Nilidhani itakuwa ndefu.

Jumatano, tarehe 18

Naandika nikiwa kwa procure, ofisi ya mapadri, juu ya benchi, na kaye kwa magoti. Ndege ndogo ya misioni inabeba barua saa nane. Sasa ni saa sita na nusu.

Vital njo mwenye mashine ya kuandika hapa. Shati imepigwa pasi, kalamu tatu mufukoni, moja tu inaandika. Nilimupa karatasi na barua yangu. Alisoma barua mara mbili. Akavua lunette ya macho.

"Papa Marcellin, unataka nifute jina yako?"

"Unajua kusoma vizuri."

"Watu wanatafuta jina yao iende Ulaya. Weye yako imefika, unairudisha."

"Imechoka safari. Futa."

Akanieleza kama mutu anaeleza kwa mutoto. Karatasi ni moja, haina ndugu yake. Ukifuta na kupiga juu, wale wa sheria watasema imeghushiwa na kutupa majina yote mbili, ya kwangu na ya Angélique. Kisha pale kunatakiwa sinyatire ya mwenye wazo. Marehemu anaweka sinyatire namna gani?

Nikasema nitaweka mimi, bwana yake, na nitaandika chini kwamba ni mimi. Yeye aliweka kidole kwa ajili yangu miaka yote. Sasa ni zamu yangu.

Akasema: "Na kama wanakataa? Utakosa jina yako na jina yake. Wacha ibaki yako, papa. Yeye alikuwa bibi yako, si ni nyumba moja?"

Hiyo nami niliifikiri. Niliifikiri siku tisa. Ni wazo muzuri kabisa, haina kosa, na ninapoisikia kwa mudomo wa Vital inanuka kama samaki ya Mahagi ya siku ya tano. Nikamuambia hivyo. Akakasirika kidogo. Akasema anaenda kula kwanza.

Saa saba na robo. Amerudi. Anapangusa mudomo. Amekaa nyuma ya mashine lakini karatasi hajaipandisha, iko kando, na jina yangu inatazama juu. Nje wanapakia magunia ya barua ndani ya gari ya kwenda uwanja wa ndege.

Nilidhani leo nitasikia kitu. Bado. 

Nimesimama mbele yake na kaye mukononi. Nimemukumbusha ile phonie ya mapadri, radio yao ya kuongea na watu wa mbali, mwaka wa 81. Chupa ya pombe ya Primus ilimwagika ndani yake, na haikuwa mukono wangu ulioshika chupa. Padri aliponiuliza, mimi fundi, nini imeunguza mashine, nilimutazama macho na nikasema: radi. Vital amebaki na kazi yake mpaka leo juu ya ile radi. Sijamuomba kitu tangu ile siku, hata bahasha.

 Ametazama mulango, kama padri ataingia. Amechukua ile gomu ya kufutia, ameiweka tena chini.

"Hata kama wanaikataa, papa?"

Nikamujibu: hata kama wanaikataa.

Nimemuambia: Vital, mimi nilisema radi, neno nzima, na nilisema peke yangu. Weye sikuombi neno nzima. Pandisha karatasi, futa, piga A. Herufi zingine nitakuitia moja moja.