Mukubwa wa kartiye amenishukuru

Salmin, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Si unajua dada yangu Huda anasemaka kule Amerika mutu anasimama mu mukutano, anauliza mukubwa swali, na mukubwa anamushukuru?

Basi leo mimi nimesimama mu mukutano ya mutaa. Hapa hapa Rumonge, Burundi! Nimeuliza robine ya maji ya soko itatengenezwa lini. Jirani akanivuta shati nikae.

Mukubwa wa kartiye akacheka kidogo: "Murakoze cane, kijana. Uko mutoto ya nani?"

Amenishukuru, Salmin! Kisha akaandika jina ya baba mu kaye yake.

Nimemwambia Huda kwa simu, anafurahi: "Umeona? Iko vilevile kama huku!"

Sasa watu wawili wa pikipiki wako mulangoni. Mama amewauliza wanataka nini. Wamesema wamekuja kunishukuru.