Anayetwanga Saa Saba Mchana

Zaina mke wangu,

Ulikuwa umeshika mwiko, unasonga ugali, ukaacha ghafla. Ukasema, "Sikia. Anatwanga tena."

Ilikuwa saa saba mchana, jua la Hombolo limesimama, hata kuku wamelala chini ya kichanja cha vyombo. Nikatoka. Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye kinu cha marehemu mama. Kikavu, buibui ametanda mdomoni. Nikarudi nikakwambia hakuna mtu.

"Sijakuuliza kama kuna mtu," ukasema. "Nimekwambia nasikia."

Mimi nikanawa, nikala. Niliona nimeshamaliza kazi.

Ndivyo nilivyokuwa. Ukisema neno, natafuta nyundo. Siku ile uliponiuliza, "Humu ndani mimi mgeni wa nani?" nilikuletea kiti cha plastiki, maana kigoda cha mama nilikukataza kukikalia. Ukacheka mpaka machozi. "Wewe ukiambiwa nyumba inaungua, utauliza kiberiti kiko wapi!" Na mimi nikacheka. Kicheko kikaisha, machozi yako yakaendelea, nikaenda kufunga mbuzi.

Khanga za mama ulizikuta kwenye msumari juu ya kitanda chetu. Sikukusimulia kwamba ndugu walikuja kugawa vitu vya marehemu, nikafunga mlango, nikawaambia warudi makwao. Mama mdogo alibaki nje peke yake. Akasema, "Utakaa na dada yangu mpaka lini?" Nikatia komeo. Unanijua, mimi kusema ni kazi.

Mara ya mwisho ulinieleza vizuri kabisa. "Anatwanga mara mbili, anapumzika. Mara mbili, anapumzika. Kama mtu bega linamuuma. Naogopa, mume wangu. Nyumba hii ina mwenyewe." Nikakwambia basi nitakisogeza kinu kule kwenye mpapai. Asubuhi ukafunga nguo zako ukaenda Kolo kwa mama yako. Mlangoni ukasema, "Siku ukinielewa, uje. Kama umenisikia tu, usije."

Zaina, juzi nilikuwa navuna zabibu kwa mkasi. Saa saba. Pu, pu. Kimya. Pu, pu. Kimya.

Mkasi ukaniponyoka. Mama aliteguka bega akiwa anateka maji, halikupona sawasawa. Alitwanga hivyo mpaka anakufa. Wewe hukumkuta. Habari ya bega lake sijawahi kukutajia, hata siku moja. Ulikuwa unanieleza mama yangu mzazi, mimi nakujibu mpapai.

Nikakaa pale pale kwenye mchanga. Nikaogopa kama ulivyokuwa unaogopa wewe, kila siku, peke yako, na mimi niko hapo hapo nakula.

Leo nimetoa vyote. Kinu, mchi, kigoda, khanga. Vimepakiwa kwenye pikapu ya zabibu, vinaenda mjini, mtaa wa Kikuyu, kwa mama mdogo. Nilimpigia simu. Akasema, "Haya mwanangu. Mlete."

Nikishusha huko napanda gari la Kolo. Barua hii naibeba mwenyewe, kwa sababu ukifungua mlango maneno yote yatanipotea. Nitakupa karatasi, nisimame. Sitakwambia turudi. Kama utanikaribisha, nisimulie tena tangu mwanzo, nami nitakaa, sitainuka. Kama hutanikaribisha, nitajua nimechelewa.

Dereva anapiga kelele nje, "Kaka, twende! Zabibu zitakuwa mvinyo humu!"

Ni saa saba. Kinu nakiona kwa dirisha, kimefungwa kamba juu ya makreti. Na huko nyuma ya nyumba, Zaina, anatwanga. Mara mbili, anapumzika.

Lazima niondoke sasa, kabla miguu yangu haijazunguka kwenda kuangalia ni nani. Wewe hukuwahi kuniuliza hilo.

Mumeo, niko njiani