Ng'ombe wa Sendofu ya Gladness

Igogo, Mwanza
15 Februari 2024

Wifi yangu Justa,

Habari za Kamanga? Kaka yangu Nkwabi mzima? Huku tupo, ila presha yangu haijatulia tangu Jumamosi. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako mara nyingi anapokea yeye, na haya ni ya wanawake.

Jumamosi Rose, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alifanya sendofu ya kumuaga binti yake anayeolewa. Wifi, ungeona! Matarumbeta yalianzia barabarani. Keki ilibebwa na wanaume wanne. Yeye mwenyewe kavaa gauni la kuburuza, ananitazama kama mtu aliyekuja kuosha vyombo. Rose huyu huyu niliyeuza naye nyanya! Nilirudi nyumbani sikula.

Sasa Gladness wangu anaolewa Agosti. Sendofu yake lazima ifunike ile. Kamati nimeunda, ukumbi nimepata Ilemela, juu mlimani, ziwa lote unaliona. Umebaki mchango wa mjomba. Ninyi mna ng'ombe. Mwambie kaka atoe wale wa maziwa, ndio wenye bei.

Wifi yako,
Bernadeta


Kamanga
20 Februari 2024

Shikamoo wifi,

Barua yako kaileta jirani yetu Paskazia, aliyevuka na kivuko jana jioni. Pole na presha, punguza chumvi. Sisi wazima, watoto wazima, mvua tumepata.

Gladness tunampenda na hatutakuja mikono mitupu. Tutatoa dume na mchele. Lakini ng'ombe wa maziwa, hapana. Maziwa yao yanajaza nusu ya tangi letu la kupozea. Nusu nyingine wanaleta majirani, huyu kidumu, yule chupa ya chai. Tangi likijaa, gari la hoteli ya huko mjini inayonunua kwetu linavuka kuja kuchukua. Lisipojaa, haliji. Kwa hiyo ng'ombe wetu wakiondoka, majirani nao wamekwisha, na wasichana wawili wanaonisaidia kugandisha mtindi wamekwisha.

Halafu wifi, Gladness mwenyewe umemuuliza anataka nini?

Wifi yako,
Justa


Igogo
3 Machi 2024

Justa,

Nimepata salamu, nami sijambo, Mungu anasaidia.

Kumbe ng'ombe "wetu", tangi "letu"! Zizi hilo ni la mzee Luhende, baba yangu mimi. Wewe umelikuta. Ulikuja Kamanga na begi moja. Leo watu wanasema "maziwa ya Justa", hakuna anayesema ya Nkwabi. Hata hapa sokoni mama mmoja kaniuliza, "Wewe si ndugu yake yule Justa wa maziwa?" Mimi! Niliyezaliwa katika boma lile, niwe ndugu yake Justa!

Gladness ni mtoto, hajui anachotaka. Kaka yangu nitazungumza naye mwenyewe. Nimemwita aje Pasaka.

Bernadeta


Kamanga
2 Juni 2024

Shikamoo wifi,

Natumaini presha imeshuka. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Nimesubiri iishe, haijaisha.

Nkwabi alirudi kutoka kwako baada ya Pasaka. Kesho yake akaniuliza, "Ni kweli mjini wanasema nimekaliwa na mke?"

Nikamwambia, "Nani anasema?"

"Watu."

"Hao watu ni dada yako."

Akachukua fimbo, akaswaga ng'ombe wote wa maziwa mpaka mnadani. Nilimfuata hadi njia panda, hakugeuka.

Tangi limekauka. Majirani waliendelea kuleta maziwa, tukawa tunawarudisha. Mama mmoja aliyamwaga pale pale mlangoni, mbwa wakalamba. Wasichana wangu wamerudi makwao. Yule dereva wa hoteli kapiga simu, siku hizi wanachukua maziwa ya boksi yanayotoka nje ya nchi. "Hayo hayana mambo ya ukoo," akacheka. Mimi sikucheka.

Wifi, mimi nimeolewa naye, wewe umezaliwa naye. Siku zote utanishinda. Hilo linaniuma kuliko ng'ombe.

Justa


Igogo
19 Agosti 2024

Wifi Justa,

Hamjambo? Sisi hatujambo, uchovu tu.

Sendofu ilifana! Vikundi viwili vya matarumbeta, siyo kimoja. Mshereheshaji aliniita "mama mwenye ng'ombe", ukumbi mzima ukasimama. Ila Rose hakuja. Ati msiba Magu. Sherehe yote ile, na mtu niliyetaka aone hakuwepo! Nikamtumia picha kwenye simu. Tiki mbili za bluu, kimya. Na leo asubuhi naona mafundi kwake, anaongeza chumba cha kupangisha.

Mbona nawe hukuja? Watu watatu waliniuliza, "Yule Justa wa maziwa yuko wapi?" Hata siku yangu, wifi. Hata siku yangu.

Bernadeta


Kamanga
10 Novemba 2024

Shikamoo wifi,

Pole na majukumu. Nkwabi anakusalimu.

Najua hujui Gladness alipo, maana kaniambia humpigii. Yuko kwangu na mume wake, Josephat. Makochi na kabati mlivyowazawadia havikuenea kwenye chumba chao cha kupanga, wameviuza wakanunua ng'ombe mwenye ndama. Walivuka naye. Nkwabi alipomwona yule ng'ombe anashuka kivukoni, aliingia zizini na kuanza kupigilia vigingi.

Nilimuuliza Gladness kwa nini hakukuambia mapema kwamba anataka mifugo. Akasema, "Nilimwambia mama anipe ng'ombe mmoja, sherehe iwe ndogo. Akasema nataka kumwaibisha mbele ya Rose."

Hoteli haijarudi, na sidhani kama itarudi. Tunauza mtindi kwa vikombe pale kivukoni. Majirani wawili wameanza tena kuleta maziwa.

Njoo umwone mwanao.

Wifi yako,
Justa


Igogo
22 Desemba 2024

Justa,

Heri ya Krismasi kwako na kwa kaka.

Nilikuja. Jumapili iliyopita nilivuka, nikashuka na watu wengine, wewe hukuniona. Nilimwona Gladness ana ndoo ya mtindi, kajifunga kitenge chako, kanenepa. Mikono yake ina mikato ya kamba kama ya mama yangu alipokuwa anakamua. Nilitaka kumwita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akageuka akapaza sauti, "Mama, vikombe vimekwisha!" Nikaitika chini chini.

Wewe ndiye uliyekuja na vikombe.

Zamani alikuwa akikuita anti. Nimerudi na kivuko kile kile.

Rose simwonei wivu tena, amalize vyumba vyake. Usimwambie mtoto kwamba nilifika. Mwambie tu akivuka kuja mjini, apite nyumbani.

Mimi,
Mama yake Gladness