Siondoki Itigi

Itigi, 4 Agosti 2024

Mwanangu Evodia,

Habari za Morogoro? Wajukuu hawajambo? Mimi sijambo, ila magoti ndiyo yanalalamika. Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi tena. Sauti inakuja bila sura, nabaki kujiuliza naongea na nani.

Nimesikia baba yako mdogo Antipasi amekuambia nimechanganyikiwa, na wewe unapanga kuja kunihamisha. Daktari ameshanieleza: ni ugonjwa wa kusahau, na utazidi. Haya, na uzidi. Nilikuwa stesheni masta hapa mpaka nastaafu, treni zikichelewa nikitukanwa na abiria, na sikuikimbia stesheni. Asubuhi naenda maktaba ya kata, nasoma, narudi nyumbani. Hayo ndiyo maisha yangu na nayapenda. Sihami.

Baba yako

Morogoro, 20 Agosti 2024

Shikamoo baba,

Sisi ni wazima, wajukuu wako wanakuamkia. Magoti uyakande kwa maji ya moto.

Lakini baba, mbona unanificha? Baba mdogo anasema unasoma kwa sauti maktabani mpaka watu wanacheka, mara unasimama unatangaza treni ya Tabora. Juzi njia ya nyumbani ilikupotea, ukakutwa sokoni kwa wauza asali. Mimi huku usingizi sipati. Nimempigia yule dada wa maktaba, Selina, nimemwomba asikuruhusu tena kuingia. Nitakuja kukuchukua mwezi wa kumi. Chumba kipo tayari, na geti letu lina kufuli zuri.

Mwanao, Evodia

Itigi, 9 Septemba 2024

Evodia,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekukasirikia sana.

Unanifungia mlango ambao si wako? Nilimuuliza Selina amekujibu nini, akaniambia wazi: mlangoni pa maktaba hapakaguliwi akili ya mtu. Sikiliza sasa anavyoishi na mimi. Kila asubuhi, kabla sijaanza kulitafuta jina lake, husema, "Shikamoo mzee Clement. Mimi ni Selina, wa maktaba." Kila asubuhi, wala hachoki. Mlango wa choo ameuchorea picha kubwa, sihitaji kuuliza mbele za watu kama mtoto. Nikisoma kwa sauti, anawaita wanafunzi wakae wanisikilize, na wanaotaka kimya amewatengea chumba cha nyuma. Nikitangaza treni, ananiuliza inatoka wapi. Wauza asali amewaambia: mzee akipita hapa mara ya pili, mleteni kwangu. Wananileta, na njiani tunapiga soga.

Antipasi anaona aibu. Hiyo aibu ni yake, aibebe mwenyewe. Wewe njoo uone, ila kufuli liache Morogoro.

Baba yako

Morogoro, 3 Novemba 2024

Shikamoo baba,

Mimi ni Evodia, mtoto wako wa kwanza. Mama yangu ni marehemu Theodora, mke wako. Naishi Morogoro na nina watoto wawili, wajukuu zako. Wote wazima, wanakuamkia. Natumaini magoti yamepata nafuu. Barua hii nimemwomba Selina akusomee.

Mwezi uliopita nilikuja Itigi. Nilikukuta kwenye meza yako ya dirishani, nikasimama mbele yako nikasema, "Baba, unanijua mimi ni nani?" Ndivyo tunavyoulizana kwetu mtu akirudi kutoka mbali, kwa utani tu. Ulinitazama, ukatafuta, ukakosa. Nikauliza tena. Nilitaka sana uniambie. Ukainuka ukasema, "Toka ofisini kwangu!"

Nilitoka nalia. Nilikaa stesheni kungoja treni, nimekukasirikia wewe, nimeukasirikia ugonjwa, nimemkasirikia na Selina. Akanifuata pale pale, akakaa pembeni yangu. Aliniambia, "Dada, usimpe mtihani. Mpe jina lako."

Nimelifikiria hilo mpaka leo. Chumba nimewarudishia watoto, na baba mdogo nimemwambia asinipigie tena kwa habari za kukuhamisha. Amenuna, na anune. Naomba nije wiki ya kabla ya Krismasi nikae mezani kwako, unisomee kwa sauti. Ukikubali.

Mwanao, Evodia

Itigi, 1 Desemba 2024

Dada Evodia,

Habari za huko? Watoto hawajambo? Mimi ni mzima. Mkono huu ni wa Selina, maneno ni yangu, nimemkataza asiyapambe.

Barua yako nimesomewa, nikaomba irudiwe. Sitakudanganya: sura yako nimeitafuta, imekataa kuja. Ila jina la Theodora liliposomwa nilicheka, sijui kwa nini, nikawa na furaha mpaka jioni. Na umenieleza wewe ni nani kabla ya kuniuliza lolote. Mtu mwenye adabu hiyo amelelewa vizuri.

Karibu uje. Nimemwambia Selina aongeze kiti dirishani. Lakini tuelewane mapema: kama kuna mtu amekutuma kunihamisha, panda treni hiyo hiyo urudi kwake. Mimi siondoki Itigi. Nitasahau stesheni, nitasahau jina langu, na siku hiyo nitakuwa nimekaa hapa hapa mezani.

Ukifika, jitaje tu. Nikisahau, jitaje tena.

Ni mimi baba yako, kwa kuwa umesema hivyo na nimekuamini